Luti ya Malkia na Siteni ya Kinyozi

Mwaka 1599, mjini London, mchapaji aitwaye William Barley alitoa vitabu viwili vya muziki. Alivichapa kwa niaba ya Thomas Morley, mtunzi ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amepewa na Malkia Elizabeth I haki ya pekee ya kuchapa muziki katika Uingereza. Kitabu kimoja Morley alikikusanya mwenyewe. Kilikuwa na nyimbo za karamu, za kucheza na za mitaani, zilizopangwa zipigwe na watu sita kwa ala sita. Kitabu cha pili kilikuwa Zaburi za Daudi, kwa tuni zilezile ambazo watu walikuwa wakiziimba kanisani, ila sasa zimepangwa ziimbwe nyumbani pamoja na ala za nyuzi. Mtengenezaji wa Zaburi hizo aliitwa Richard Allison. Na katika kile kitabu cha karamu, baadhi ya vipande vilivyo bora kabisa ni kazi ya Allison huyohuyo.

Tumeona vema kuandika juu ya jambo hili kwa sababu katika sharika zetu huzuka mara kwa mara swali la ala: je, hii inafaa mbele za Bwana? Limeulizwa juu ya ngoma, likaulizwa juu ya gitaa, likaulizwa juu ya kinanda cha umeme na vipaza sauti vyake. Kwaya zimegawanyika kwa swali hilo, na wazee wamekaa vikao hadi usiku. Nasi huliuliza kana kwamba limezaliwa jana. Wazazi wetu katika imani walilipigania kwa miaka mingi, na wengine wao walilijibu kwa vitendo, wameketi mezani, ala mkononi.

Kwanza tuzifahamu ala zenyewe. Waingereza wa wakati huo waliliita kundi hilo konsoti, nalo lilikuwa na ala sita zisizofanana. Vaioli ndogo, ambayo ni kama fidla ila husimamishwa mapajani, ilibeba tuni. Filimbi ya kupuliza kwa ubavu ilijazia katikati. Vaioli kubwa ilishika sauti ya chini, kama besi katika kwaya zetu. Hizo ni tatu za kuvuta mlio mrefu. Tatu zilizobaki ni za kudonoa: luti, siteni na bandora.

Luti sisi tunaijua ingawa hatuijui kwa jina hilo. Ni mtoto wa udi. Waarabu waliipeleka ala hiyo Hispania na Sisilia, na jina lake, al-ud, yaani mti au ubao, likageuka katika vinywa vya Wazungu likawa luti. Wapigaji wa taarabu wa Unguja na Mombasa wanapolikumbatia udi lao lenye mgongo wa mviringo kama nusu ya boga, wanashika ndugu wa damu wa ala iliyokaa mapajani mwa Malkia Elizabeth. Tofauti kubwa ni kwamba shingo ya udi ni laini tupu, lakini ya luti ina pingili, yaani alama za kukatisha ambazo kidole hubonyeza nyuma yake ili sauti ipande. Nyuzi za luti zilikuwa za utumbo wa kondoo, nazo zilipigwa kwa ncha za vidole. Sauti yake ni tamu na ya chini, haifiki mbali.

Siteni ni kitu kingine kabisa. Mgongo wake ni bapa, nyuzi zake ni za waya wa shaba na chuma, na hupigwa kwa unyoya uliochongwa. Mlio wake ni mkali na unang'aa kama sarafu zilizomwagwa mezani. Kazi yake katika kundi ilikuwa kupiga sauti kadhaa kwa mkupuo mmoja, tena na tena, ili wote wajue mapigo yako wapi. Bandora ilifanya kazi hiyohiyo upande wa chini, nayo pia ilikuwa na nyuzi za waya. Inasemwa iliundwa London na fundi John Rose mwaka 1562.

Luti ilikuwa ala ya waungwana. Iko picha ndogo iliyochorwa na Nicholas Hilliard yapata mwaka 1580, na ndani yake Malkia ameketi akipiga luti. Siteni kwa upande wake ilitundikwa ukutani katika vibanda vya vinyozi. Mteja aliyesubiri zamu yake ya kunyolewa aliitungua akapiga kidogo, akaimba wimbo wa mtaani, akairudisha. Waandishi wa tamthilia waliifanyia mzaha. Basi kuziweka hizo mbili meza moja lilikuwa jambo la kustaajabisha kidogo. Hata hivyo ziliwekwa. Mwaka 1591 Malkia alipokaribishwa Elvetham, wanamuziki sita walimpigia kwa ala hizi sita. Kitabu cha Morley kiliandikwa kwa heshima ya Meya na wazee wa jiji la London, kwa kuwa jiji liliajiri wanamuziki wake, na hao ndio walioupiga muziki huu vizuri.

Iko pia picha ya Sir Henry Unton, iliyochorwa baada ya kifo chake mwaka 1596, ambayo sasa imo katika jumba la picha za watu mashuhuri huko London. Mchoraji ameyaweka maisha yote ya mtu huyo juu ya ubao mmoja: mtoto mikononi mwa mama, safari zake, karamu yake, jeneza lake, kaburi lake kanisani. Katikati ya karamu wameketi watu sita kuzunguka meza, na siteni ni mojawapo ya ala zao. Tunaipenda picha hiyo kwa sababu haikutenga. Meza ya muziki na kaburi la kanisa viko ubao mmoja, kama vilivyo katika maisha ya kila mmoja wetu.

Watu sita wenye ala tofauti wanapokaa pamoja, jambo la kwanza si kupiga, ni kupatanisha nyuzi, na hapo luti na siteni hupata taabu ya pekee. Pingili za siteni ni za shaba, zimechomekwa shingoni na fundi. Hazisogei. Kama fundi aliziweka hivi, siteni itaimba hivi mpaka ichakae. Pingili za luti ni vipande vya utumbo vilivyofungwa kwa fundo kuzunguka shingo, na mpigaji huweza kuzisukuma juu au chini kwa kidole gumba. Kwa hiyo zikigombana, siteni haina la kufanya. Ni mpigaji wa luti anayeinama, anasogeza pingili zake moja moja, anasikiliza, anasogeza tena. Ala ya malkia humfuata kinyozi.

Baada ya hapo siteni nayo ina deni lake. Waya una nguvu kuliko utumbo. Mpigaji wa siteni akijisikia, kundi zima litamsikia yeye tu. Nyimbo hizi zimejengwa kwa beti zinazorudiwa: mara ya kwanza tuni hupigwa wazi na vaioli na filimbi, na ikirudiwa, luti huingia na kuipamba kwa sauti nyingi za mbio, vidole vikikimbia kama mvua juu ya bati. Mapambo hayo ndiyo utamu wenyewe wa konsoti. Lakini husikika tu pale siteni na bandora zinapojizuia, zikashika mapigo bila kupaza. Aliyewahi kusimamia mazoezi ya kwaya anajua ni vigumu kiasi gani kumwambia mtu mwenye sauti kubwa aimbe nusu ya nguvu zake, tena kwa moyo mkunjufu.

Sasa turudi kwenye swali la ibada. Martin Luther alipiga luti. Alijifunza akiwa mwanafunzi Erfurt, wakati alipokuwa akiuguza paja alilojikata kwa upanga wake mwenyewe kwa bahati mbaya, na hakuiacha. Nyumbani kwake aliimba na watoto na wageni baada ya chakula. Kwake muziki ulikuwa karama ya Mungu, wa pili baada ya neno la Mungu lenyewe. Sisi tunaoimba wimbo wake wa Zaburi ya 46 hatuna shida kumwelewa.

Lakini Huldrych Zwingli wa Zürich alipiga ala nyingi kuliko Luther, na luti ikiwemo, kiasi kwamba adui zake walimdhihaki kwa hilo. Naye ndiye aliyenyamazisha muziki kanisani. Kinanda kikubwa cha Zürich kilibomolewa mwaka 1527, na mkutano haukuimba ibadani hadi mwaka 1598. Huyu hakuwa mtu asiyejua utamu wa nyuzi. Aliujua sana, na huenda ndiyo sababu aliuogopa: alijua jinsi moyo unavyoweza kwenda na tuni ukaacha neno mlangoni. John Calvin wa Geneva alichukua njia ya kati. Mkutano uimbe Zaburi, kwa sauti moja, bila ala. Hofu yao haikuwa ya kipuuzi, na tunadhani wale wanaonung'unika leo kwamba maneno ya wimbo hayasikiki kwa kelele za spika wanasema jambo ambalo Zwingli angelielewa mara moja.

Uingereza ilifuata njia yake. Katika kanisa la Malkia na makanisa makuu, vinanda na kwaya za mafundi viliendelea. Katika makanisa ya kawaida ya vijijini na mitaani, vinanda vingi viliondolewa au vikaachwa kuharibika, na watu waliimba Zaburi zilizotungwa kwa mashairi na Thomas Sternhold, John Hopkins na wenzao. Kitabu kizima cha Zaburi hizo kilichapwa na John Day mwaka 1562, na kikawa katika nyumba nyingi kuliko kitabu kingine chochote cha nyimbo. Kilikusudiwa kwa kanisa na kwa nyumba pia, ili Zaburi zichukue nafasi ya nyimbo za upuuzi vinywani mwa watu.

Nyumbani hakukuwa na sheria ya kuzuia ala. Katika nchi zilizomfuata Calvin vilevile, waumini ambao kanisani hawakuruhusiwa hata kinubi waliirudia Zaburi hiyohiyo jioni kwa luti. Mfaransa Nicolas Vallet, aliyeishi Amsterdam, alichapa mwaka 1620 Zaburi zote 150 kwa luti. Yaani ukuta wa kanisa ulikuwa mpaka wa ala, haukuwa mpaka wa sifa.

Hapo ndipo Allison anapoingia na kitabu chake cha 1599, alichokitoa kwa heshima ya Anne, mke wa marehemu Earl wa Warwick. Tunaomba msomaji akitazame kwa makini, maana kila ukurasa wake ni uamuzi wa mtu aliyewafikiria watu.

Kitabu ni kikubwa, na hulazwa katikati ya meza. Sehemu za waimbaji na za ala zimechapwa kuelekea pande tofauti, hivyo wanne, watano au sita wakizunguka meza kila mmoja huona sehemu yake imesimama sawa mbele ya macho yake. Kitabu kimoja kinatosha nyumba nzima. Sehemu ya luti ipo, na ya siteni ipo, zote mbili kwa kila tuni. Hazikuandikwa kwa noti za kawaida. Zimeandikwa kwa mistari inayosimama badala ya nyuzi, na herufi zinazoonyesha pingili: herufi ya kwanza ni uzi mtupu, ya pili ni pingili ya kwanza, na kuendelea. Asiyejua kusoma noti hata moja anaweza kufuata herufi kwa kidole na Zaburi ikatoka.

Tena hakulazimisha kundi kamili. Kwa maelezo ya kitabu chenyewe, tuni yaweza kuimbwa na kupigwa kwa luti peke yake, au kwa siteni peke yake, au kwa vaioli kubwa, au kwa zote pamoja. Na mwimbaji mmoja wa sauti ya juu au ya wastani anatosha, au waimbaji wanne wakiwepo na waimbe. Mjane mwenye siteni moja ukutani alikuwa na kitabu kilekile alicho nacho bwana mwenye jumba na wanamuziki wa kuajiriwa. Mwishoni Allison aliongeza tuni fupi kumi ambazo karibu Zaburi zote zinaweza kuimbwa kwazo, akaeleza kwamba ni kwa ajili ya wenye ujuzi mdogo na wasio na nafasi ya kufanya mazoezi. Wataalamu wa muziki hupita haraka kwenye kurasa hizo kumi. Kwetu sisi hizo ndizo kurasa za mchungaji.

Jambo moja zaidi. Desturi ya watunzi wengi ilikuwa kuificha tuni ya mkutano katika sauti ya tatu, huku sauti nyingine zikipambwa kuizunguka. Allison aliiweka juu kabisa, mahali ambapo sikio huipata bila kutafuta. Luti na siteni ziko chini yake. Yule mtu aliyejua kuandika mapambo ya mbio kwa luti ya karamu, katika Zaburi aliinyamazisha mikono yake mwenyewe. Luti inapiga sauti nzito zinazobeba neno, wala haikimbii. Zwingli angeogopa nini hapo? Ala zilezile za karamu, mtunzi yuleyule, mchapaji yuleyule, mwaka uleule, na bado neno liko juu.

Mwanzoni mwa kitabu hicho wako watu walioandika mashairi ya kumsifu Allison. Mmoja ni John Dowland, mpigaji luti aliyekuwa na sifa Ulaya nzima. Mwingine ni William Leighton, ambaye hadithi yake ni ya huzuni. Leighton alikuwa mtu wa jumba la kifalme, akaanguka katika madeni, akatiwa kifungoni. Akiwa katika dhiki hiyo alitunga mashairi ya toba yaliyochapwa mwaka 1613, na mwaka uliofuata yakatoka na muziki, chini ya jina linalomaanisha machozi, au maombolezo, ya nafsi yenye huzuni. Watunzi walio bora wa kizazi chao walimchangia: Dowland, Orlando Gibbons, na William Byrd, ambaye alikuwa Mkatoliki na hakuficha. Nyimbo za kwanza katika kitabu hicho ni za waimbaji wanne pamoja na konsoti nzima, zile ala sita za karamu ya Unton. Siteni ya kinyozi ikapewa kulia kwa ajili ya dhambi. Mfungwa asiye na senti akawakalisha pamoja Mprotestanti na Mkatoliki, waya na utumbo, na sidhani kama kikao chochote cha wakati ule kingeweza kufanya hivyo.

Muziki huu haukudumu. Kufikia katikati ya karne ya 17 konsoti ilikuwa imepitwa na wakati, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, na mwaka 1644 Bunge likaamuru vinanda viondolewe makanisani. Vitabu vilitawanyika. Na kwa kuwa muziki wa konsoti ulichapwa au kunakiliwa katika vitabu sita tofauti, kimoja kwa kila ala, kupotea kwa kimoja ni kuujeruhi wote. Kitabu cha luti cha Morley hakikutufikia kizima. Mmarekani Sydney Beck alipotoa upya mkusanyo huo mwaka 1959, ilimbidi auunge kutoka vyanzo vingi.

Chanzo kikubwa kilikuwa mtu wa kanisa. Matthew Holmes aliongoza uimbaji katika Kanisa Kuu la Christ Church, Oxford, na baadaye katika Westminster Abbey, mpaka alipofariki mwaka 1621. Asubuhi na jioni kazi yake ilikuwa Zaburi. Muda uliobaki alinakili kwa mkono wake mamia ya vipande vya luti, vya siteni, na vya konsoti, na sehemu kubwa yake ni ya kucheza. Bila kalamu ya kiongozi huyo wa uimbaji, mapambo mengi ya luti yaliyopigwa karamuni yasingesikika tena duniani. Vitabu vyake viko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Lakini hata katika seti yake ya konsoti, kitabu cha vaioli ndogo na kitabu cha bandora havipo.

Seti nyingine ni ya zamani zaidi, ya mwaka 1588, na ina kazi nyingi za Allison akiwa bado hajachapa Zaburi. Vitabu vyake vitatu, vya vaioli ndogo, filimbi na vaioli kubwa, vilibaki Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Cha siteni kilivuka bahari kikafika California. Cha bandora hakijulikani kilipo, wala cha luti. Wanaoupiga muziki huo siku hizi huanza na siteni, kwa kuwa waya wake unaonyesha mapigo na sauti za kila kipimo, na kutoka hapo mpigaji wa luti hujiandikia sehemu yake upya, uzi kwa uzi, akikisia vidole vya mtu aliyekufa miaka 400 iliyopita vilipita wapi.